Kichwa cha Lebo

Mtaa mzima ulimwita Bi Asili, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alijitwika mwenyewe kwa mdomo wake. Alikuwa akipika mafuta ya nywele jikoni kwake, mafuta ya nazi na ya nyonyo yaliyochemshwa na karafuu na majani ya mrehani, na kila chupa aliyouza ilitoka na hotuba yake. Ukinunua ndogo, unapata hotuba fupi. Ukinunua kubwa, tafuta kiti.

"Dawa ni ya mgonjwa," alikuwa akisema, akiikusudia ile dawa nyeupe ya kunyooshea nywele. "Kichwa chako kinaumwa nini, mwanangu? Mungu kakupa nywele zenye msimamo wake, wewe unaziunguza mpaka zilale kama kuku mgonjwa wa mdondo."

Tena alikuwa na sharti. Mteja mpya hakuuziwa chupa ya kwanza mpaka asalimishe kopo lake la dawa. Makopo hayo aliyaweka kwenye boksi chini ya kitanda akayaita mateka, na wageni wakija huwaburuzia boksi sebuleni kama mwindaji anayeonyesha pembe za nyati. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu mwenye maneno machache kuliko meno yake, alimwuliza siku moja kwa nini asiyatupe tu.

"Mateka hawauawi," Bi Asili alimjibu, na mume akarudi kwenye chai yake.

Sasa wengi wa mateka wale walitoka saluni ya kwenye kona, na saluni ya kwenye kona ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe wa tumbo moja. Huyo alikula kwa dawa, akavaa kwa dawa, na watoto wake walisoma kwa dawa. Mwenyewe kichwani alivaa wigi, asubuhi na jioni, msibani na harusini, na Bi Asili alikwisha kuamua sababu.

"Chini ya lile wigi kuna uwanja wa ndege," alisema siku moja mbele ya shangazi wawili na mpwa mmoja. "Dawa imefagia kila kitu. Ndege inatua bila kuomba ruhusa."

Maneno hayana miguu lakini hufika. Haya yalifika kwenye kona kabla sufuria ya chakula haijaoshwa. Tangu siku hiyo mawifi wale walisalimiana mbele ya mama mkwe tu, na hata hapo kwa kutumia meno ya mbele peke yake.

Basi ukaja mwaka ambao mafuta ya Bi Asili yalitaka kuvuka mtaa. Mwenye duka kubwa la barabarani alikubali kuyaweka kwenye rafu zake, rafu ya kati, ile ambayo jicho linaifikia bila kuinama. Ila alitaka lebo, na kwenye lebo alitaka picha ya kichwa.

"Watu hununua kwa macho, dada," alimwambia. "Kichwa kionekane, nywele zimwagike. Nikipata Jumatatu, rafu yako. Nisipopata, kuna mama wa sabuni anaitaka."

Mpiga picha akaahidi kuja Jumamosi alasiri. Na hapo Bi Asili akakumbuka siri iliyokuwa wazi kwa kila aliyemtazama: nywele zake zilikuwa ndefu, lakini hazikuonekana. Ukizivuta kwa vidole zinafika begani. Ukiziachia zinaruka na kujikunja masikioni, kama kobe aliyeguswa pua. Miaka yote wateja walimwuliza, "Mbona fupi?" na yeye akawavutia unywele mmoja mmoja kama ushahidi mahakamani. Kwenye picha nani angesimama nyuma amvutie?

Hakulala bila kujaribu. Ijumaa jioni alizigawa mafungu kwa chanuo, akazifunga kwa uzi mweusi toka shinani hadi nchani, kama walivyofanya bibi zetu, ili asubuhi akizifungua ziwe zimenyooka zenyewe. Na asubuhi zilikuwa zimenyooka kweli! Alijitazama kwenye kioo akajipigia kigelegele kidogo. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akaenda kuchemsha sufuria moja ya mafuta. Mvuke ukapanda, ukamzunguka kichwa kama rafiki wa zamani, na alipotoka jikoni kobe alikuwa amerudi ndani ya gamba.

Mume alikuwa ameondoka. Watoto walikuwa kwa bibi yao. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya ni mshauri mbaya. Bi Asili alikaa kitandani, akayasikia makopo chini yake, kwa namna ambayo mtu husikia vitu visivyotoa sauti.

"Kidogo tu," aliiambia nyumba. "Nyuma tu, zishuke. Mbele nitaacha asili."

Alipiga magoti, akavuta boksi, akachagua mateka aliyejaa. Kopo lilikuwa limechakaa karatasi, hata maandishi hayasomeki, lakini alipofungua, harufu ilijitambulisha yenyewe. Alivaa glavu za kuoshea vyombo, akaingia bafuni, akaanza kupaka toka kisogoni kupanda juu. Miaka kumi hakuwa ameigusa, lakini mkono ulikumbuka njia.

Dawa ya nywele ina tabia ya mgeni anayekuja kwa siku mbili. Mwanzo mpole, wa baridi, hata unamsifu. Baadaye anaijua nyumba. Bi Asili alikuwa ametoka kuchokonoa ngozi ya kichwa kwa chanuo usiku uliopita, kosa ambalo msusi yeyote angemkemea kabla hajafungua kopo, na alipofika utosini yule mgeni alikuwa ameshaanza kuhamisha makabati.

"Haya, basi, yatosha," alisema, akafungua bomba.

Bomba likakohoa. Likatoa pumzi ndefu ya mzee anayekaa chini, likadondosha tone moja la kutu, likanyamaza.

"Usinifanyie hivyo," Bi Asili aliliambia.

Akakimbilia pipa la uani. Pipa lilikuwa tupu hadi chini, na kando yake lilisimama jokofu kuukuu la mteja wa mumewe, limeoshwa linang'aa, jeupe kama meno ya mtoto. Mume alikuwa amefanya kazi nzuri. Bi Asili alilipiga teke jokofu, akaumia kidole, akarudi bafuni akichechemea. Kulikuwa na ndoo moja iliyofunikwa. Akafunua, hakutazama, akajimwagia.

Ilikuwa ndoo ya bamia. Alikuwa ameziloweka toka juzi, zitoe ute wa kulainishia nywele, mapishi yake mwenyewe ambayo aliyasifu kwa kila mtu. Ute ukashuka polepole, ukachanganyika na dawa, na badala ya kuiondoa ukaifundisha kuteleza. Sasa ilikuwa inatembea: ilikuwa nyuma ya sikio, ilikuwa shingoni, ilikuwa njiani kuelekea jichoni.

Mtaa mzima maji yalikuwa yamekatika. Alisikia majirani wakiligombeza bomba kila upande. Mahali pamoja tu palikuwa na tangi jeusi juu ya paa, limejaa wakati wote, maana kazi ya pale haiwezi kungoja bomba. Mahali hapo palikuwa kwenye kona.

Bi Asili alisimama katikati ya bafu akapima. Upande mmoja nywele, upande mwingine heshima. Dawa ikamsaidia kuamua kwa kumng'ata utosini. Alijifuta kwa taulo, akajifunga kilemba mara mbili, akatoka.

Kona haikuwa mbali. Lakini kati ya mtu na kona kuna salamu, na salamu hairukwi. Mbele ya nyumba ya pili alikaa bibi kizee wa jirani, ambaye hakuwa na haraka na dunia.

"Shikamoo, bibi," Bi Asili alisema akipita upande upande.

"Marahaba, mwanangu. Simama nikuone. Hujambo?"

"Sijambo, bibi."

"Mumeo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Hawajambo wote, bibi, wazima, wanakula, wanalala."

"Mama yako? Ule mguu?"

"Umepona!" Haukuwa umepona, ila kulikuwa na miguu na kulikuwa na vichwa. "Bibi, nina haraka kidogo."

"Haraka haraka haina baraka. Mbona unalia?"

"Kitunguu."

Bibi akanusa hewa. "Kitunguu hiki kinanukia kama saluni." Akamtazama kilemba, akamtazama macho, akatabasamu kwa jino lake moja. "Haya, kimbia, mwanangu. Kitunguu hakingoji."

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, beseni la kuoshea na mashine moja ya kukaushia, kubwa kama chungu kilichopinduliwa. Chini ya mashine alikaa mteja mmoja, uso wote ndani ya gazeti. Wifi mtu alikuwa anapanga vibanio, wigi lake la rangi ya kahawia limekaa sawasawa kama kofia ya askari.

"Wifi," alisema Bi Asili mlangoni.

Wifi hakuinua macho. "Hodi hupigwa."

"Hodi, wifi."

"Karibu. Leo jua limetokea jikoni?"

"Maji."

"Ya kunywa? Ninayo ya baridi, ninayo ya uvuguvugu."

"Wifi, nakuomba. Maji tu."

"Nauliza ili nijue glasi au ndoo." Hapo ndipo Wifi alipoinua macho, na akaona povu jeupe likichungulia chini ya kilemba, likishuka taratibu kwenye shavu la mwanamke ambaye kwa miaka kumi alihubiri kinyume chake. Akasogea. Akanusa. Akanusa tena, kama paka kwenye mlango wa bucha.

"Mungu wangu," alisema. "Tena ile kali. Hii huwa nawawekea watu wawili tu mtaa huu, na wote nawasimamia kama maziwa jikoni. Umeitoa wapi?"

"Usiniulize."

"Fungua kilemba."

"Kuna mtu." Bi Asili alielekeza kwa mdomo upande wa mashine. Viatu vile vya njano vyenye kifundo aliviona wapi? Kliniki. Ni vya karani wa kliniki, aliyesalimisha kopo lake mwezi uliopita kwa machozi na kuapa kwa watoto wake.

"Huyo hakuoni," Wifi alisema. "Tangu uingie anasoma gazeti lililopinduliwa, maandishi miguu juu."

Gazeti likatetemeka, lakini halikushuka.

"Kaa hapa. Shingo nyuma. Na ule mdomo, wifi, kwa leo upumzike."

Maji yakaja. Hakuna aliyewahi kuyasifu maji kama alivyoyasifu Bi Asili kimoyomoyo pale, kichwa kikiwa kwenye beseni na miguu ikipiga sakafu. Wifi aliosha bila kucheka, na kutocheka kwake kulitisha kuliko dawa.

"Hii inayoteleza ni nini?"

"Bamia."

"Bamia." "Umetaka kujinyoosha au kujipika?"

Akamwaga shampuu ya kuulia dawa, akasugua, akasuuza, akamwaga tena. Mara povu likaingia jichoni. Bi Asili akapiga ukelele, akainuka kipofu, akatupa mikono hewani ashike chochote, na akashika. Alishika kitu chenye manyoya, kikubwa, chenye unyevu, na kikamjia mkononi chote kwa mara moja, bila ubishi.

"Nywele zangu!" alilia. "Zimetoka zote! Yarabi, zimetoka na ngozi yake! Wifi, nimekwisha, mwambie kaka yako nilimpenda!"

"Tulia."

"Nimezishika hapa! Zote!"

"Tulia, mwanamke. Hizo zangu."

Bi Asili akajifuta macho kwa kiwiko. Mkononi alikuwa na wigi la kahawia, linachuruzika maji kama kuku aliyenyeshewa. Mbele yake alisimama Wifi bila wigi. Na juu ya kichwa cha Wifi hapakuwa na uwanja wa ndege. Palikuwa na matuta ya nywele, manene kama kamba za kufungia ng'ombe, meusi, yamepita kisogo, yameingia ndani ya kola ya gauni. Na kutoka kwenye matuta yale ilikuja harufu ya karafuu na mrehani.



"Uwanja wa ndege," Wifi alisema polepole. "Karibu utue."

Bi Asili aliyanusa matuta yale, akayanusa tena.

"Hayo mafuta..." alisema.

"Ya mke wa bosi," alijibu Wifi.

Kila mwisho wa mwezi mume wa Bi Asili alimwomba mkewe chupa kubwa, ampelekee mke wa bosi wake wa karakana, mama mmoja mwenye nywele za shida sana. Bi Asili alikuwa akimfungia mama yule chupa kwa moyo mweupe, na siku nyingine alimwongezea salamu.

"Kwa nini hukuja mwenyewe?"

"Nije?" Wifi alilichukua wigi lake, akalikamua kama tambara. "Sharti lako si kusalimisha kopo? Mimi ningesalimisha duka zima. Halafu nikitembea kichwa wazi, nani atakaa kwenye kiti hiki aniombe dawa? Atasema mwenyewe mbona hatumii. Nikavaa wigi nikanyamaza. Ukaja wewe ukanitangaza kipara."

"Nilidhani..."

"Ulidhani mpaka mama mkwe wako akaniletea kofia."

Bi Asili akainamisha kichwa, na kwenye beseni akaona kilichokuwa kinamsubiri. Mafungu mafungu, kama nyasi baada ya mbuzi.

"Zimekwenda?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Za nyuma zimekwenda. Za katikati zinaaga."

"Na za mbele?"

"Za mbele hazina habari. Lakini ukiziacha peke yake utafanana na kifaru." Wifi akachukua mkasi, halafu, kwa mkono ambao haukuwa mkali, akamshika kidevu. "Zinaota, wifi. Nywele si jino la ukubwani. Ila leo lazima nikate zote."

Akakata. Bi Asili alijitazama kwenye kioo akamwona msichana wa shule ya msingi aliyezeeka ghafla. Machozi yaliyokuja hapo yalikuwa yake mwenyewe, si ya dawa. Alisimulia yote, lebo, rafu ya kati, mama wa sabuni, mpiga picha wa alasiri, huku akijipangusa kwa kilemba chenye bamia. Jumatatu rafu ingekuwa ya sabuni. Sufuria zile zote, majani yale yote aliyoyachuma, yangebaki kuuzwa dirishani, chupa kwa chupa.

Wifi alisikiliza huku akifumua matuta yake yakauke. Moja moja aliyaachia, na kila lililoachiwa lilishuka kwa mawimbi mpaka katikati ya mgongo, halikuruka, halikujikunja, kwa kuwa lilikuwa limesukwa na kutulia wiki mbili. Bi Asili akaacha kulia. Akatazama. Akaendelea kutazama.

"Usiniangalie hivyo," alisema Wifi.

"Mgongo tu, wifi."

"Sitaki."

"Uso hauonekani. Kisogo tu na chupa."

"Wateja wangu watanijua!"

"Kwa kisogo? Kisogo chako nani amewahi kukiona?"

Wifi alijitazama kwenye kioo kwa upande, akazishika nywele zake kwa mkono mmoja, akazipima kama mtu anayepima nyama ya mwenzake. Ilikuwa wazi kwamba hata yeye alikuwa hajazionyesha mtu siku nyingi.

"Kwanza, mbele ya mama utaufuta ule uwanja wa ndege," alisema.

"Nitaulima. Nitapanda migomba."

"Pili, lile boksi la chini ya kitanda lirudi hapa. Lote."

"Mateka wangu?"

"Mateka wana mwenyewe. Yamenunuliwa kwangu, na wanaoyataka bado wanakuja. Kichwa ni cha mtu, wifi. Wewe uza mafuta."

Boksi lile alilipenda. Lakini kichwa chake kilichonyolewa kilipigwa na upepo wa feni, kikamkumbusha.

"Litarudi."

Hapo gazeti likasema, bado miguu juu: "Na kopo langu mimi mnipe mkononi. Lilikuwa jipya."

Alasiri mpiga picha alifika akamkuta Bi Asili na kilemba safi, ameshika chupa juu ya bega la mwanamke aliyempa mgongo. Aliuliza uso uko wapi. Akaambiwa uso hauoti nywele, apige picha.

Jumatatu mwenye duka aliishika lebo, akaitazama kwa muda, akasema, "Sasa hizi ndizo nywele," akaisogeza sabuni pembeni. Bi Asili hakumwambia lolote zaidi ya asante. Picha haikusema uongo. Mafuta yalikuwa yake, na kichwa kile yalikilea yenyewe kwa miaka. Wateja walioshangaa kilemba aliwaambia amezipumzisha nywele. Na alipojiwa na msichana mgeni aliyekuja na kopo lake mkononi, tayari kulisalimisha, mtaa ulistaajabu kusikia hotuba yake yote.

"Weka kwenye mkoba wako, mwanangu. Ila kabla ya kuitumia, usichokonoe kichwa kwa chanuo, na hakikisha maji yapo."

Jioni moja mumewe alikuta chupa mezani. Akaigeuza, akaisogeza kwenye taa, akakunja uso.

"Kisogo hiki nakijua," alisema. "Kama cha mama alipokuwa kijana."

"Ni cha mke wa bosi wako," Bi Asili alijibu akimmiminia.

Mume akaweka chupa chini kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kulipuka. "Bosi..." alianza.

"Hajaoa, najua," mkewe alisema. "Kunywa chai, inapoa."